Tembe la Asali: Nyumba ya Biskuti Kwenye Njia ya Misafara

Mhadhara uliotolewa mjini Tabora, Jumamosi asubuhi katika kipindi cha Majilio, mbele ya wazazi, walimu na watoto

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu mlioketi mbele, walimu wenzangu, kina mama na kina baba, nanyi wajukuu zangu mnaonong'ona huko nyuma mkidhani siwasikii: mwangaluka. Assalamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristu. Bwana Yesu asifiwe. Nimesalimu mara 4 kwa sababu huu ni mji wa Tabora, na mtu wa Tabora akisalimu mara moja tu huwa amewaacha nje nusu ya majirani zake.

Nimepewa saa 1 nizungumzie jambo linaloonekana dogo: familia kukaa pamoja wakati wa Krismasi, ikaoka biskuti za tangawizi, ikazijenga nyumba na kuzipamba kwa pipi. Nilipomweleza mzee wangu nyumbani kuhusu mada hii, alishusha miwani akaniuliza, "Mama Neema, hayo si mambo ya Wazungu na theluji yao? Sisi Desemba tuna maembe." Sikumjibu siku ile. Mhadhara huu ndio jibu lake, na mwenyewe amekaa safu ya tatu.

Karamu iliyoungua Ujiji

Nianze na habari ya mpishi mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1871, Henry Morton Stanley alikuwa Ujiji pamoja na David Livingstone, yule mzee aliyemfuata kutoka Bagamoyo kupitia hapa kwetu Unyanyembe. Sikukuu ilipokaribia, wakaazimia kula Krismasi kama inavyoliwa kwao. Vitu havikukosekana. Stanley ameandika vilivyopatikana sokoni na kwa mzee Mwinyi Kheri: kondoo wa mkia mnono, mbuzi, mayai, maziwa, ndizi, samaki, vitunguu, viazi vitamu, unga laini, hata pombe. Asubuhi ya Krismasi, akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye homa, alimwita mpishi wake, Ferajji, akamhutubia juu ya uzito wa siku ile kwa Wazungu na juu ya siri za mapishi yao.

Nyama ikaharibika. Kastadi ikaungua. Stanley akamwandika mpishi wake kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto, akaongeza kwamba kilichomwokoa Ferajji na kipigo ni ugonjwa tu: mikono ya bwana haikuwa na nguvu ya kuinuka.

Mimi nimefundisha sayansi kimu miaka 31, na leo nataka kusimama upande wa Ferajji. Kastadi ni mayai na maziwa. Moto ukizidi kidogo tu, yai linaganda mabonge na maziwa yanashika chini ya sufuria. Inataka moto wa kubembeleza, mwiko usiopumzika, na zaidi ya yote inataka mtu aliyewahi kuiona imeiva, ajue ni wakati gani wa kuiepua. Ferajji, kwa maelezo ya bwana wake mwenyewe, alipata hotuba. Angepewa nusu saa ya mtu kusimama naye jikoni, huenda Krismasi ile ingelika.

Funzo ninalolichukua Ujiji ndilo nitakalolishikilia hadi mwisho: desturi ya jikoni haipiti mdomoni, hupita mkononi. Najua mnachofikiri. Mwalimu huyu naye amesimama hapa anahutubia mapishi! Ndiyo maana mnaiona ile meza pembeni, imefunikwa kitambaa. Msiifunue kwanza. Tutaifikia.

Kopo kutoka Nuremberg

Miaka kadhaa iliyopita, binti yangu anayeishi Ujerumani alinitumia kopo la bati lenye keki za asali za mji wa Nuremberg, zile ambazo Wajerumani huziita Lebkuchen. Nilivaa miwani nikasoma ubavuni vilivyomo: asali, mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi, kungumanga. Nikacheka peke yangu. Kumletea mtu wa Tabora asali ni sawa na kumletea Mpemba karafuu, na kopo lile lilikuwa limeleta vyote viwili, tena kwa ndege.

Baada ya kucheka nikataka kujua. Nuremberg ni mji wa bara, mbali na bahari. Utamu wake uliupata kwa njia mbili. Ya kwanza ni msitu. Kuuzunguka mji kulikuwa na msitu mkubwa wenye nyuki, na walina asali wa msitu ule walikuwa watu wa heshima zao. Mwaka 1350 Kaizari Charles IV aliwapa hati ya kulinda haki zao. Njia ya pili ni barabara. Viungo vilivyoshushwa Venice kutoka mashariki vilipandishwa milimani hadi kufika kwao. Msitu ukatoa asali, barabara ikatoa viungo, mwokaji akavikutanisha kwenye kinu kimoja. Kufikia mwaka 1643 waokaji wa keki hizo walikuwa na chama chao cha ufundi.

Sasa nijibuni. Mji wa bara, wenye msitu wa nyuki, uliokaa juu ya njia kuu ya biashara. Nimewaelezea Nuremberg, au nimewaelezea Tabora?

Msitu wetu mnaujua. Ni miombo: mtundu, muyombo, mninga. Mlina asali wa Sikonge au Urambo huchonga mzinga wa gogo au huvua gome zima la mti akalikunja likawa mzinga, akaupandisha juu ya tawi na kuuacha nyuki wauone wenyewe. Akiwa porini humsikiliza mlembe, yule ndege anayemwita mtu kwa kelele mpaka kwenye shimo la nyuki, kisha akasubiri fungu lake la nta na majana. Nta yenyewe imesafiri kutoka hapa kwenda nje ya nchi kwa miaka mingi. Na hapa mjini kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki, ambako vijana wanasomea kwa cheti kile ambacho babu zao walisomea kwa kuumwa.

Barabara yetu nayo mnaijua. Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, na Tabora ilikuwa kituo chake kikuu. Wasafiri Burton na Speke walipofika hapa, mahali walipopaita Kazeh, Novemba 1857, waliukuta mji wa biashara uliokwisha kuzoea wageni. Sitawadanganya kwamba mapagazi walikuja wamejitwika mdalasini. Walikuja na nguo, shanga na nyaya za shaba, wakarudi pwani na pembe za ndovu, kila mmoja na mzigo wa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Lakini pamoja na mizigo walikuja watu, na watu husafiri na matumbo yao. Waarabu waliokaa hapa walilima ngano na vitunguu. Miembe ikapandwa kandokando ya njia. Pale pwani, tangu enzi za Seyyid Said, Unguja na Pemba zilijaa mikarafuu, na katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, kama kina O'Swald, walikuwa na ofisi zao Zanzibar. Basi karafuu iliyomo ndani ya kopo la binti yangu huenda ni mjukuu wa karafuu ya Pemba. Mdalasini ndio mgeni wa wageni. Hata jina lake asili yake ni Kiajemi, maana yake mti wa China. Tangawizi haina haja ya pasipoti: inalimwa milima ya Same, na inalimwa Kigoma, mwisho wa reli yetu.

Kwa hiyo mzee wa safu ya tatu, jibu langu la kwanza ni hili. Katika nyumba ya biskuti, asali si ngeni, viungo si vigeni, ngano si ngeni. Kigeni ni theluji peke yake. Tuiondoe theluji tuone kinachobaki.

Nyota, mshumaa na biskuti nyembamba

Kuna kiungo kingine kilicho karibu nasi zaidi, nacho kiko kanisani. Wengi wenu ni Wamoravian. Wamisionari wa Moravian waliipokea Urambo mwaka 1898 kutoka kwa London Missionary Society, iliyokuwa pale tangu 1879, na leo makao makuu ya jimbo lao la magharibi yako hapahapa Tabora. Watu hawa, huko walikotoka, Krismasi yao ni ya mikono. Mwaka 1747 huko Marienborn, Ujerumani, watoto waligawiwa kila mmoja mshumaa uliofungwa utepe mwekundu, na mpaka leo Wamoravian wa nchi nyingi huwasha mishumaa hiyo mkesha wa Krismasi. Nyota yao ya pembe nyingi ilianza karne ya 19 katika shule yao ya bweni, wanafunzi wakikunja karatasi ili waielewe jiometri. Na wale waliohamia Marekani na kujenga mji wa Salem, mwaka 1766, wanajulikana hadi leo kwa biskuti ya tangawizi nyembamba kama karatasi, inayosukumwa mpaka karibu uone meza chini yake.

Mnaona kilichotokea? Tulipokea wimbo, tukapokea ibada, tukapokea nyota. Biskuti mimi sijaikuta katika jiko lolote la Kimoravian nililoingia mkoani hapa, na nimeingia mengi. Wimbo huandikwa kitabuni ukavuka bahari. Biskuti lazima mtu asimame na mtu.

Nyumba iliyolala

Sasa niwaambie aibu yangu. Mara ya kwanza nilipojenga nyumba hii na wajukuu, nilifuata picha niliyoikuta kwenye kitabu: nyumba ndefu, paa la mwinuko mkali, bomba la moshi, na sukari nyeupe ikining'inia ukingoni. Unga niliukanda kwa asali tupu, asali nzuri ya miombo, kwa majivuno ya kwetu. Tukaimaliza jioni ya tarehe 24, tukaiacha mezani, tukaenda misa ya mkesha. Mvua ikanyesha usiku ule kama inavyojua kunyesha Tabora mwezi wa 12.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imelala ubavu kama mbuzi aliyechoka. Paa limeteleza, kuta zimepinda kwa ndani. Na kutoka dirishani hadi mguu wa meza, msafara wa sisimizi umejipanga mstari mmoja, kila mmoja na mzigo wake wa sukari kichwani, kirangozi wao ameshafika mlangoni. Wajukuu walilia. Mimi nilikaa nikautazama ule mstari, nikawaza: kumbe hawa ndio waliojua hapa ni wapi.

Kosa lilikuwa wapi? Asali hunyonya maji yaliyomo hewani. Keki ya Nuremberg hupenda hivyo; inawekwa ndani ya kopo ili ilainike. Lakini ukuta ukilainika si ukuta. Kwao Desemba nyumba zina moto ndani na hewa imekauka. Kwetu Desemba hata chumvi inaloa ndani ya kichupa. Nilikuwa nimejenga nyumba ya baridi katika nchi ya mvua.

Tangu siku hiyo unga wa kuta ninauchanganya hivi, na walimu mnaweza kuandika. Vikombe 4 vya unga wa ngano. Kikombe 1 cha sukari, nusu kikombe cha asali, nusu kikombe cha majarini, yai 1. Vijiko 2 vya chai vya tangawizi ya unga, kimoja cha mdalasini, nusu ya karafuu iliyosagwa, nusu ya iliki, na nusu ya magadi soda. Pasha asali, sukari na majarini pamoja mpaka viyeyuke, viache vipoe, ndipo utie yai, kisha unga na viungo. Unga ukikataa kushikana, kijiko kimoja cha maji, si zaidi. Ufunike ulale usiku mzima, viungo vizoeane. Asali ya nyuki wadogo msiipoteze hapa. Hiyo ni dawa na bei yake mnaijua. Na mtoto aliye chini ya mwaka 1 asilambishwe asali ya aina yoyote, hata bibi akisisitiza.

Kesho yake sukuma kwa mti wa chapati, unene wa nusu sentimita. Kata kwa kufuata karatasi uliyopima mapema. Asiye na oveni asiwe na wasiwasi: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu ya mchanga, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uzidi wa chini. Dakika 12 hadi 15, harufu ndiyo saa. Ukuta ukitoka uache upoe kabisa, kisha urudishe dakika 5 nyingine ukauke. Na nyumba ijengwe siku ya kuliwa, si siku ya kuamkia. Sisimizi wasipewe taarifa mapema.

Tembe

Lakini badiliko kubwa halikuwa la unga. Lilikuwa la ramani.

Tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe ambamo Stanley na Livingstone walikaa mwaka 1872, na ambamo Livingstone alibaki akiwasubiri wapagazi wake mpaka tarehe 25 Agosti. Wajukuu walizunguka kule ndani. Kuta nene za udongo. Paa la bapa. Ua katikati. Mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa na miaka 9, akapiga ukuta kwa kiganja akasema, "Bibi, hii haiwezi kulala."

Alisema kweli ya fundi. Paa la mwinuko husukuma kuta nje. Paa la bapa hukaa tu. Ukuta mfupi na mnene hauogopi unyevu kama ukuta mrefu. Waliojenga tembe walijua mambo haya kwa udongo, nasi tukayarudia kwa tangawizi.

Kwa hiyo nyumba yetu ni mstatili, kuta za nje 4 na za ndani 4, ua katikati unaotosha kikombe cha chai. Pembe zinaunganishwa kwa sukari iliyoyeyushwa mpaka ikawa rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni kazi ya mtu mzima peke yake, maana sukari ikiyeyuka imeshavuka nyuzi joto 160 na ikigusa kidole haitoki. Watoto wapewe gundi yao: ute wa yai uliopigwa na sukari ya unga mpaka usimame. Paa ni kashata ya ufuta, iliyomiminwa kwenye sinia na kukatwa ingali vuguvugu, kisha inanyunyiziwa vumbi la biskuti zilizovunjika, maana paa la tembe ni udongo. Madirisha ni pipi ya rangi iliyopondwa, ikajazwa kwenye tundu la ukuta dakika chache kabla ya ukuta kuiva. Inayeyuka, inakuwa kioo.

Mlango ndio fahari. Mjukuu yule huuchonga unga ukiwa mbichi, kwa kijiti cha meno, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Kwanza fremu, halafu ua la duara juu, halafu mnyororo unaozunguka ukingoni kama kwenye milango ya Zanzibar. Nimemwona akiukanda upya mlango mmoja mara 3 kwa sababu pete ya mnyororo ilikatika. Mtoto huyohuyo daftari lake la shule limekunjamana pembe zote.

Nje ya tembe ni miembe: kijiti cha mdalasini kimesimikwa kwenye kibonge cha kashata ya nazi, na maembe yake ni pipi ndogo za njano. Kokoto za njiani ni ubuyu mwekundu. Wa mwisho kwa umri hupewa sarafu. Mnakumbuka habari ya 1916, Wajerumani walipokatiwa njia ya baharini, wakatengeneza sarafu hapahapa Tabora kwenye karakana ya reli? Ile ya dhahabu ya rupia 15 ina tembo. Basi mdogo wetu hukata biskuti kwa kizibo cha chupa, akachora tembo anayefanana na kuku, akaipaka kiini cha yai, ikatoka motoni inang'aa. Hazina yote hiyo huliwa kabla ya saa 6 mchana.

Neno moja kwa wanunuzi. Pipi laini za kutafuna zinazotoka nje ya nchi, soma kwanza kilichoandikwa nyuma. Baadhi zina jelatini ya nguruwe. Sahani ya Krismasi ya Tabora lazima iweze kuvuka uzio kwenda kwa jirani Mwislamu bila kumtia mashakani, kama sahani yake ya Idi inavyovuka kuja kwetu. Kashata, ubuyu, visheti na karanga za sukari hazina utata, na zimepikwa na mama wa mtaa huuhuu.

Nafasi iliyoachwa wazi

Nyumba ikiwa imesimama, watoto walitaka msafara. Wakakata wapagazi wa biskuti, kirangozi mbele na unyoya wa ganda la nazi, nyuma yake watu wenye korosho mabegani. Korosho, tazameni, imepinda na ni nyeupe: pembe ya ndovu kamili. Wakawapanga kwenye sinia kuelekea tembe. Nilikuwa najisifu moyoni, ndipo kaka wa yule mchonga mlango, wa darasa la 6, akauliza, "Na watumwa, bibi? Mwalimu alisema walipita hapa."

Walipita. Njia hii imo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na jina lake pale halitaji pembe peke yake. Linataja utumwa. Nilikaa kimya. Kumtengeneza mtu aliyefungwa kwa biskuti, kisha nimpambe, kisha nimle? Nilisema hapana. Kumwacha, tukajifanya njia ilikuwa ya korosho na ubuyu tu? Hilo nalo lilikataa kutoka mdomoni. Mwisho tuliamua kuacha nafasi. Katikati ya msafara kuna sehemu ya sinia isiyo na kitu, upana wa kiganja. Kila mgeni huuliza, "Hapa pamevunjika?" na kila mwaka mtoto mmojawapo hulazimika kumjibu.

Hadithi ya nyumba ya biskuti yenyewe haikuanza kwa utamu. Ndugu wawili Grimm walipoichapisha mwaka 1812, ilikuwa hadithi ya njaa: wazazi wanawatelekeza watoto msituni, watoto wanakuta nyumba ya mkate yenye madirisha ya sukari, na ndani mna anayekula watu. Mtunzi Engelbert Humperdinck aliifanya opera, ikachezwa mara ya kwanza Weimar tarehe 23 Desemba 1893, ikawa sehemu ya Krismasi ya Wajerumani. Mwaka huohuo, mwezi Januari, askari wa Kijerumani walipoivunja ngome ya Mtemi Isike hapa Unyanyembe, mtemi aliona heri ajilipue kwa baruti kuliko kushikwa mateka. Miezi 11 ndiyo inayotenganisha nyumba ile na nyumba hii. Mtoto anayejua zote mbili hatadanganywa na sukari, na wala hataichukia.

Nimebakiza mpishi wa pili. Livingstone alikuwa na mpishi wake, mwanamke aitwaye Halima. Katika shajara yake alimsifu kwa uangalifu na uaminifu, akaandika kwamba wakifika Zanzibar atampa uhuru wake, na atamnunulia nyumba na bustani. Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Halima alikuwa miongoni mwa waliosafiri na mwili wake kurudi pwani, na Oktoba ya mwaka ule msafara huo ukapita hapa Unyanyembe. Mwanamke mpishi, ameahidiwa nyumba na bustani, anapita Kwihara kwa miguu nyuma ya maiti ya mtoa ahadi.

Niliwasimulia wajukuu habari hii tukikanda unga. Mwaka uliofuata, kabla ya kupaka sukari yoyote, mchonga mlango aliandika jina juu ya fremu kwa kijiti chake: HALIMA. Akapanda miembe 2 zaidi uani. "Si aliahidiwa na bustani," akasema. Tangu hapo tembe letu halina jina jingine.

Mkononi

Namaliza. Sikuja kuwaambia muache pilau ya Krismasi, wala mnunue makopo. Nimekuja kusema kwamba familia ikikaa jikoni siku moja kwa mwaka ikajenga nyumba ya kuliwa, maswali yataulizwa ambayo hayaulizwi sebuleni: asali hii imetoka mti gani, kwa nini paa letu ni bapa, mnyororo huu wa nini, nani alipikia watu hawa. Picha ya nyumba yenye theluji haiwezi kuuliza maswali hayo hapa Tabora. Haijui njia.

Ferajji alipewa hotuba, nanyi sasa mmepewa yenu. Mkienda nayo nyumbani hivihivi, kastadi itaungua tena. Wajukuu, ifunueni meza. Unga umelala tangu jana, mti wa chapati upo, sufuria 2 ziko kwenye makaa uani, na maji ya kunawa yako mlangoni. Kina mama chukueni kuta, walimu chukueni kashata. Wewe wa safu ya tatu, mlango haujachongwa bado. Kijiti nimekuwekea, na maembe yako nayo yapo kwenye kikapu.

Nawieni mikono.